KAZI MBILI, MSHAHARA MMOJA



Mtu anayechimba mtaro hapa Lodwar saa saba mchana anafanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Ya kwanza ni ya mwajiri: sururu, koleo na mchanga. Ya pili ni ya mwili wake mwenyewe: kutoa nje moto ulio ndani yake ili asianguke. Kazi ya kwanza huandikwa katika daftari la nyapara na hulipwa mwisho wa wiki. Ya pili haiandikwi popote. Sisi twasema ya kuwa kazi hiyo ya pili ni kazi kweli kweli, tena ina gharama. Mfanya kazi ndiye anayeilipa peke yake, kwa moyo wake, figo zake na uzazi wake. Hesabu hiyo si ya haki, na lazima ibadilishwe.

Hakuna haja ya kumweleza mkazi wa Lodwar au Kakuma habari za joto. Mchana wa kawaida hapa Lodwar hufika kama digrii 35 karibu mwaka mzima, na Kakuma, yapata kilomita 120 mbele katika barabara ya Lokichoggio, si nafuu. Serikali ya kikoloni ililijua jua hili, ikalitumia. Makhan Singh, aliyepigania haki za wafanya kazi, alipokamatwa mwaka 1950 aliletwa Lokitaung. Mwaka 1953 wakaletwa huko huko Jomo Kenyatta na wenziwe, na kati yao walikuwa Fred Kubai na Bildad Kaggia, viongozi wa vyama vya wafanya kazi. Mwaka 1959 Kenyatta alihamishiwa hapa Lodwar, akakaa mpaka 1961. Mahali palipochaguliwa pawe adhabu kwa watu waliotetea wafanya kazi, leo ni mahali pa kazi kwa maelfu ya watu. Basi si haki mtu wa mshahara afanyiwe kama mfungwa wa jua.

Na tutazame mwili unafanya nini, maana asiyejua mwili wake hawezi kuutetea mezani.

Ndani ya ubongo, upande wa chini, kuna sehemu ndogo iitwayo haipothalamasi. Hiyo ndiyo nyapara wa joto. Inataka mwili ukae karibu na digrii 37. Joto likizidi, hupeleka amri kwa mishipa ya fahamu, na amri hiyo haingoji ruhusa yetu, kama vile mkono unavyoruka wenyewe ukigusa sufuria ya moto. Mishipa ya damu iliyo karibu na ngozi hufunguka, damu hukimbilia ngozini kupoa, na vinyweleo hutoa jasho. Jasho likikauka juu ya ngozi, huondoka na moto. Katika kazi nzito juani mtu aweza kutoa zaidi ya lita moja ya jasho kwa saa. Na hapa kwetu hewa ni kavu, jasho hukauka upesi, hata mtu asijione amelowa. Hudhani hajapoteza kitu, na kumbe amepoteza maji mengi.

Sasa fikirini hesabu ya damu. Mtu mzima ana kama lita 5 tu. Misuli inaitaka ipate kuinua mawe. Ngozi inaitaka ipate kupoza mwili. Ubongo na matumbo navyo vina haki yao. Tena damu yenyewe inapungua, kwa sababu jasho hutokana na maji yake. Moyo hauna la kufanya ila kupiga mbio zaidi. Ubongo ukipata damu kidogo, mtu huona kizunguzungu, mkono wake hukawia, na jicho lake hupotea. Hapo ndipo nyundo huangukia kidole, na dereva hukosa kona. Kisha nyapara huandika, “uzembe.” Sisi twauliza: je, uzembe huo ni wa nani?

Figo nazo zina zamu yao. Maji yakipungua, ubongo huachilia homoni inayoziambia figo zizuie maji, na tezi zilizo juu ya figo hutoa homoni nyingine ya kuzuia chumvi. Mkojo huwa mchache na mweusi kama chai ya rangi. Hiyo ni barua ya figo, nayo yasema: sina akiba tena. Joto la ndani likipita digrii 40 na mtu akaanza kupayuka au kuzimia, hayo si malaria ya kungoja kesho. Ni hatari ya kifo papo hapo. Awekwe kivulini, amwagiwe maji, apepewe, na apelekwe hospitali bila kukawia.

Tunajua majibu tutakayopewa. Jibu la kwanza ni hili: “Waturkana wamelizoea jua.” Neno hili lina ukweli nusu, na ukweli nusu ni hatari. Mwezi wa Septemba 2025 wataalamu waliofanya kazi pamoja na jamii za Waturkana walitangaza katika jarida la Science ya kuwa wameona katika damu ya Waturkana alama za maelfu ya miaka ya ukame. Alama moja iko katika jeni iitwayo STC1, inayosaidia figo kushika maji. Hiyo ni heshima ya wazee wetu. Lakini mwenye kushika maji vizuri si mwenye kuumba maji. Mchungaji akitembea na mbuzi hujipangia mwendo wake, na jua likiwa kali hutafuta mti. Kibarua aliye chini ya kontrakta hajipangii kitu. Tena uchunguzi wa mwaka 2020 juu ya Waturkana hao hao ulionyesha ya kuwa waliohamia mijini walikuwa na dalili mbaya zaidi za moyo na mishipa ya damu kuliko wafugaji. Mwili uliozoea maisha ya namna moja haukuahidi kuvumilia kila namna ya maisha. Na si wote walio kazini hapa ni Waturkana. Wako mafundi waliotoka Kitale na Nairobi, na wako Kakuma wakimbizi wanaofanya kazi kwa posho. Mwili wa mgeni huhitaji wiki moja au mbili kuzoea joto, na siku za kwanza ndizo za hatari kuliko zote. Nani huwapa siku hizo?

Jibu la pili ni: “Mapumziko yatatia kazi hasara.” Tuitazame nchi ya El Salvador, huko Amerika ya Kati. Katika nchi za upande ule vijana wengi wakata miwa wamekufa kwa ugonjwa wa figo, wala hawakuwa na kisukari wala shinikizo la damu. Joto na ukosefu wa maji vinatajwa miongoni mwa sababu kubwa. Katika shamba moja wakata miwa walipewa maji, kivuli na mapumziko, wakabadilishiwa na namna ya kukata. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2016 yalionyesha ya kuwa kila mtu alipanda kutoka tani 5.1 mpaka tani 7.3 kwa siku. Kazi haikupungua, iliongezeka. Basi mwajiri anayenyima kikombe cha maji anajiibia mwenyewe pia.

Jibu la tatu hatulipati kwa mwajiri. Twalisikia katika safu zetu wenyewe: “Mwanamume halalamiki jua.” Ndugu, hapa tuseme wazi, ingawa jambo hili watu huona haya kulitaja. Mapumbu yamewekwa nje ya mwili kwa sababu mbegu za kiume zahitaji ubaridi wa digrii mbili hivi au zaidi kuliko mwili wenyewe. Mbegu moja huchukua yapata siku 74 kukomaa. Joto la leo laweza kuharibu mbegu za miezi miwili ijayo, na mtu hataona uhusiano wowote. Nchini Italia, uchunguzi wa mwaka 1992 juu ya wanaume wanaofanya kazi penye matanuri ya vyombo vya udongo uliona ya kuwa walieleza shida ya kupata watoto kuliko wenzao walio mbali na moto. Mara nyingi mbegu hurudi kuwa nzuri mtu akiondolewa katika joto. Lakini nyumbani kwetu mimba ikikawia, lawama huangukia mke siku hiyo hiyo. Hakuna anayeuliza mume anashinda wapi mchana.

Na mama mja mzito je? Huko Tamil Nadu, Uhindi, wanawake wajawazito 800 walifuatwa na wachunguzi, na matokeo yakatolewa mwaka 2024. Waliofanya kazi katika joto kali waliharibikiwa na mimba kwa kiasi cha mara mbili ya wale wasiopata joto hilo. Hapa kwetu kuna wanawake wanaobeba kokoto na wanaopakua magunia, nao wana shida nyingine ambayo wanaume hatuitaji. Pasipo choo cha wanawake mahali pa kazi, mwanamke huacha kunywa maji tangu asubuhi ili asihitaji kwenda haja. Kwa hiyo choo ni sehemu ya dawa ya joto, sawasawa na pipa la maji.

Msiambiwe ya kuwa tunadai mambo mapya. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwenye mahali pa kazi aweke maji safi ya kunywa, ya kutosha, mahali panapofikika kwa urahisi. Inamtaka mfanya kazi aripoti hatari kubwa, na inamkataza mwajiri kumrudisha mtu penye hatari hiyo kabla haijarekebishwa. Penye watu 20 au zaidi, panatakiwa kamati ya usalama. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 41, inampa kila mfanya kazi haki ya hali nzuri ya kazi. Nchi nyingine zimekwenda mbele zaidi. Oman, ambako jamaa zetu wengi wamekwenda kutafuta kazi, inakataza kazi za juani kuanzia saa sita u nusu mpaka saa tisa u nusu katika miezi ya Juni, Julai na Agosti. Qatar, kwa amri ya mwaka 2021, imekataza kazi hizo tangu saa nne asubuhi mpaka saa tisa u nusu kuanzia Juni 1 hadi Septemba 15. Hatusemi huko ni peponi. Malalamiko ya wafanya kazi wa nchi zile tunayajua. Lakini hata huko wamekubali ya kuwa saa za jua si sawa na saa nyingine. Nasi jua letu halina miezi mitatu tu.

Kwa hiyo twataka mambo haya yaandikwe katika kila mkataba wa kazi ya nje, Lodwar na Kakuma:

1. Kazi nzito ianze alfajiri, isimame saa sita, irudi saa tisa u nusu. Saa za katikati zisikatwe katika mshahara.

2. Maji safi yawe karibu, kiasi cha kikombe kimoja kwa kila mtu kila dakika 15 hadi 20. Mtu asingoje kiu, kwa maana kiu huchelewa kufika.

3. Pawe na kivuli cha kweli, turubai au banda, si kivuli cha lori ambalo litaondoka.

4. Mgeni wa joto hili apewe sehemu ya tano tu ya kazi nzito siku ya kwanza, iongezwe kidogo kidogo siku zinazofuata.

5. Choo cha wanawake kiwepo, na mja mzito apewe kazi ya kivulini bila kupunguziwa mshahara.

6. Kazi ya kipande ipimwe upya. Mtu anayelipwa kwa idadi ya mawe hatakwenda kivulini hata akiitwa, kwa kuwa kila kikombe cha maji humpunguzia shilingi.

Na sisi wenyewe tuna wajibu. Kila kikosi kichague mtu wa kuangalia wenziwe. Mkiona mwenzenu amenyamaza ghafula, anayumba, au anajibu yasiyoulizwa, msimcheke. Msimamishe, mpelekeni kivulini, kisha ndipo mwende kwa nyapara, wote pamoja, si mmoja mmoja. Mtu mmoja akiomba maji huitwa mvivu. Watu 20 wakiomba maji huitwa kwenye mkutano.

Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na anayeandika hesabu chini ya feni hajui jua la saa saba. Kazi yetu ni kumjulisha. Moyo, figo na fahamu za mfanya kazi si mali ya kontrakta, wala hazimo katika bei ya zabuni. Akizitumia, na azilipie: kwa maji, kwa kivuli na kwa saa. Mkataba ukiletwa mezani bila mambo hayo sita, tusiutie sahihi.