Tanuri la Kubanikia Samaki: Tuanze na Mizani, Si na Pipa

Mtu anayekusudia kujitengenezea tanuri la kubanikia samaki nyumbani aghalabu huanza kwa kutafuta pipa. Akilipata, hulikata mfuniko, hutoboa mlango wa kuni chini, hupitisha nondo mbili tatu juu, kisha hutandika wavu wa waya na kuwasha moto. Baadaye ndipo anapouliza ni samaki wangapi wataenea. Maoni yangu ni kwamba mpango huu umegeuzwa kichwa chini, na kwamba makosa mengi ya matanuri yetu, tangu samaki kuungua hadi kuni kupotea bure, yanatokana na kuanza na chombo kabla ya kuijua kazi.

Katika wilaya za Karagwe na Kyerwa jambo hili si dogo. Samaki wetu hutoka katika Ziwa Burigi, katika Mto Kagera na maziwa madogo ya bonde lake, na wengine hupandishwa kwa magari kutoka Ziwa Viktoria. Kambale, kamongo, sato na sangara huuzwa kwenye magulio yaliyo mbali na barafu. Samaki asiyetiwa barafu huanza kuharibika siku ile ile aliyovuliwa. Mwenye kichanja cha moshi anaweza kumngojea mnunuzi, naye asiyekuwa nacho hulazimika kuuza kwa bei yoyote kabla ya jua kuchwa.

Wengi huamini kwamba moshi ndio unaohifadhi samaki. Moshi husaidia, kwa kuwa una kemikali zinazozuia vijidudu na kuchelewesha mafuta kuchacha. Lakini kazi kubwa hufanywa na joto na hewa vinavyoondoa maji. Samaki mbichi ana maji takriban asilimia 78. Tuchukue kilo 10 za samaki waliokwisha kupasuliwa na kusafishwa. Ndani yake mna kilo 7.8 za maji na kilo 2.2 za vitu vikavu. Tukitaka samaki wa kukaa muda mrefu, mwenye maji asilimia 20 tu, atabaki na uzito wa kilo 2.75. Maana yake ni kwamba tanuri lina kazi ya kufukuza kilo 7.25 za maji. Kila kilo ya maji huhitaji takriban megajuli 2.4 ili igeuke mvuke. Tukiongeza joto la kuwapasha samaki wenyewe, jumla ni kama megajuli 20.

Kuni zilizokauka vizuri hutoa takriban megajuli 16 kwa kilo. Kwa hesabu tupu, basi, kilo moja na robo ya kuni ingetosha! Kila mama aliyewahi kubanika samaki atacheka akisikia hivyo, na ana haki ya kucheka. Kwenye moto wa wazi juu ya mafiga, joto lililo jingi huenda na upepo. Likiwafikia samaki sehemu ya kumi tu, kuni zitakazohitajika ni kilo 12.5. Likiwafikia robo, zitatosha kilo 5. Tofauti ni kilo 7.5 kwa mbaniko mmoja. Kwa familia inayobanika mara moja kwa juma, ni karibu kilo 390 kwa mwaka, nazo hubebwa kichwani. Kuni mbichi zenye nusu ya uzito wake maji hutoa karibu nusu tu ya joto lile, kwa sababu moto hauna budi kuzikausha kwanza kuni zenyewe. Anayezianika kuni zake miezi kadhaa chini ya paa amejipatia tanuri bora kabla hajaligusa tanuri.

Sasa tulirudie lile pipa. Pipa la kawaida la lita 200 lina kipenyo cha takriban sentimita 57 na kimo cha sentimita 87 hivi. Kichanja cha duara ndani yake kina eneo la sentimita za mraba 2,550. Samaki wa gramu 300 huhitaji kama sentimita za mraba 225 pamoja na nafasi ya hewa pembeni, na kwa kuwa samaki si duara, pembezoni hupotea nafasi nyingi. Wataenea kama 8, yaani kilo 2.4. Kwa hiyo kilo 10 zataka vichanja 4. Vikipishana kwa sentimita 15, na juu kukabaki nafasi kidogo, kilichosalia chini kwa ajili ya moto ni sentimita 30 tu.

Hapo ndipo ilipokuwa balaa ya pipa langu la kwanza. Samaki wa chini waliungua ngozi na kubaki wabichi mfupani, wa juu wakatoka wamevukwa kama waliopikwa kwa mvuke, na mafuta yaliyodondoka yakawasha ndimi za moto zilizonifukuza uani. Nililaumu kuni, nikalaumu upepo. Kosa lilikuwa la rula. Kichanja cha chini chafaa kiwe angalau sentimita 60 juu ya moto, na pipa lenye vichanja 4 haliwezi kutoa nafasi hiyo. Dawa yake ni kulikata pipa kitako na kulikalisha juu ya jiko la matofali ya udongo lenye kimo cha sentimita 50 hivi na kinywa kimoja cha kuni. Kati ya moto na samaki liwekwe bamba la chuma lililoinamishwa ili likinge mafuta na kutawanya joto. Lisiwe bati la kuezekea, kwa maana lile limepakwa zinki, na zinki haitakiwi karibu na moto wa chakula. Tena nawaonya wanafunzi: pipa lililokuwa na petroli au dawa za mashamba lisitumiwe kabisa, wala pipa lolote lililofungwa lisikatwe kwa moto wa kuchomelea, kwani mvuke uliobaki ndani waweza kulipuka na kuua.

Je, si afadhali kuliacha pipa na kujenga kwa udongo, ambao hatuununui? Swali hili huulizwa sana, na jibu lake linategemea ukubwa wa kazi. Tanuri la mraba lenye nafasi ya ndani ya sentimita 60 kwa 60 lina kichanja cha sentimita za mraba 3,600, nacho huchukua samaki 15 bila taabu. Vichanja 2 vya namna hiyo hufanya karibu kazi ya vile 4 vya duara. Faida hiyo ni kubwa. Lakini kuta zenye unene wa sentimita 15 na kimo cha mita 1 zina uzito unaozidi kilo 700, na kuzipasha joto kwa wastani wa nyuzi 30 tu kwahitaji kama megajuli 20. Ni joto lile lile wanalolihitaji samaki wetu wote! Ukuta mnene haukatai joto, hulinywa kwanza. Anayebanika kilo 10 mara moja kwa juma atalilisha tanuri la udongo sawa na anavyowalisha watoto wake. Lakini kikundi kinachobanika kila siku, mzigo baada ya mzigo, hulipa deni hilo mara moja tu asubuhi, na baada ya hapo ukuta wenyewe humrudishia samaki joto. Ndiyo sababu tanuri maarufu la Chorkor, lililopewa jina la kijiji cha wavuvi karibu na Accra nchini Ghana, na ambalo hubeba vichanja vingi vya mbao na waya vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, huwafaa sana wanawake wanaobanika kwa biashara. Kulinakili kwa ajili ya nyumba moja ni kununua lori kwa safari ya sokoni.

Na hata wanaolinakili kwa biashara wasisahau kwamba Accra iko pwani. Sisi tuko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,500, na juu huku hewa ni nyepesi. Kilo moja ya kuni huhitaji takriban kilo 6 za hewa ili iungue kikamilifu. Pwani hizo ni kama mita 5 za ujazo. Karagwe ni kama mita 6. Tundu lililotosha Accra halitutoshi. Eneo lake hapana budi liongezwe kwa takriban sehemu moja ya tano, na dohani vivyo hivyo. Tena hewa ya kuunguza kuni ni sehemu ndogo tu, kwa kuwa nyingine nyingi zaidi yahitajika ili kuuchukua mvuke na kuutoa nje. Kwa pipa la namna niliyoeleza, dohani la kipenyo cha sentimita 15 lenye kilango cha kufungua na kufunga ni pahali pazuri pa kuanzia. Mvuke ukitiririka ndani ya kuta, kilango kifunguliwe zaidi. Wengi hukifunga wakidhani wanahifadhi moshi, kumbe wanahifadhi maji.

Kuhusu moshi wenyewe, sina budi kusema jambo lisilopendwa. Moshi mzito mweusi si dalili ya utamu. Kuni zikiungua kwa kukosa hewa, au mafuta yakidondokea makaa, huzaliwa kemikali za jamii ya benzopirini ambazo zimethibitishwa kuleta saratani. Nchi za Umoja wa Ulaya ziliweka mwaka 2014 kikomo cha mikrogramu 2 za benzopirini katika kilo moja ya samaki wa moshi kwa jumla. Samaki wetu hawaendi Ulaya, ila mwili wa mlaji wa Kayanga au Nkwenda hauna tofauti na wa kule. Na anayeumia kwanza ni yule aliyeinama mbele ya kinywa cha tanuri, aghalabu mama mwenye mtoto mgongoni. Tanuri la Thiaroye, lililobuniwa Senegal kwa msaada wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, hutenganisha kazi hizi mbili: samaki hupikwa na kukaushwa kwa makaa yasiyotoa moshi, kisha moshi safi huingizwa mwishoni kwa ajili ya rangi na ladha. Nasi twaweza kufuata kanuni hiyo hata kwa pipa.

Kuni za misonobari zina utomvu, nazo humpaka samaki masizi machungu. Tunacho kitu bora zaidi mashambani mwetu, nacho ni miti ya mibuni mizee inayokatwa ili ichipue upya. Ni migumu, huungua polepole, na hailazimu kukata mti wowote wa msituni. Waliokuwapo mwaka 1994, wakimbizi kutoka Rwanda walipoingia Ngara na Karagwe kwa malaki, wanakumbuka jinsi vilima vilivyokuwa karibu na kambi vilivyobaki vitupu kwa ajili ya kuni za kupikia.

Najua baadhi ya walimu watasema kwamba haya si ya mtaala. Lakini joto fiche, mkondo wa hewa, kanieneo, eneo na ujazo yote yamo katika masomo ya Fizikia na Hisabati, na mwako umo katika Kemia. Kinachokosekana ni mizani, kipimajoto na daftari. Wanafunzi wapime samaki kabla na baada ya kubanika, na kuni kabla na baada, kisha wagawanye kilo za kuni kwa kilo za maji yaliyoondoka. Tarakimu hiyo moja ndiyo cheti cha tanuri. Kwa hesabu yetu ya hapo juu, mafiga ya wazi yangepata takriban 1.7, na tanuri linalofikisha robo ya joto takriban 0.7. Shule mbili, moja ya Karagwe na nyingine ya Kyerwa, zikipima matanuri ya jirani zao kwa muhula mmoja na kubadilishana madaftari, zitakuwa na tarakimu za huku kwetu, zilizopimwa kwa samaki wa huku na kwa hewa nyepesi ya huku. Pipa litafutwe baada ya hapo.