Umeme usiovuka bahari

Wakaazi wa Unguja hawajaisahau miezi mitatu ya kiza, kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010. Hapo Forodhani, mbele ya Beit al-Ajaib, jumba lililokuwa miongoni mwa majengo ya mwanzo ya Afrika Mashariki kuwashwa taa za umeme, biashara ya usiku iliendeshwa kwa majenereta madogo na taa za mafuta. Hata hivyo, kiza hakikuwa shida kubwa kuliko zote. Shida kubwa ilikuwa maji. Kisiwa chetu hakina mto mkubwa wa kutegemewa. Maji tunayokunywa hupandishwa kutoka ardhini kwa pampu, nazo pampu huendeshwa kwa umeme. Ulipokatika umeme, mifereji ikakauka, na akina mama wakarudi kwenye ndoo.

Mei na Juni 2008 kiza kama hicho kilikwisha kutukuta kwa karibu mwezi mzima. Mara zote mbili hitilafu ilitokea katika njia ile moja tuliyokuwa nayo tangu 1980: waya wa megawati 45 uliolazwa chini ya bahari baina ya Ras Kiromoni na Ras Fumba.

Waya wa pili, wenye uwezo wa megawati 100, ulianza kazi 2013 kwa msaada wa Marekani, na ni haki kuwapongeza wote waliohusika. Lakini waya ni njia tu, si chimbuko. Umeme unaofika Mtoni huzalishwa kwengine: katika maporomoko ya Kidatu na Kihansi, katika mitambo ya gesi ya Songo Songo na Mtwara, na sasa katika Bwawa la Julius Nyerere, mto Rufiji, lenye mashine 9 za megawati 235 kila moja. Hatusemi tuache umeme huo. Maji ya mto hayanunuliwi kwa pipa, na kwa wingi na bei hatuna cha kushindana nao. Tunasema tu kwamba mabwawa hufuata mvua, kama ukame wa 2006 ulivyoifundisha Tanzania Bara kwa mgao mkali, na kwamba mwenye chimbuko ndiye mwenye swichi. Machi 2017 deni la Zanzibar lilipokuwa gumzo la nchi nzima, kila mmoja wetu alilielewa hilo bila ya kuelezwa.

Basi tuzalishe nini wenyewe? Dizeli haingoji mvua wala jua, na mashine zake huwashwa kwa muda mfupi. Kwa dharura haina mbadala wa haraka. Lakini kila lita yake huja kwa meli na hulipiwa kwa bei ya soko la dunia. Hoteli za pwani huweza kumudu jenereta nyuma ya ukuta. Mkaazi wa Jang'ombe hawezi.

Upepo tunao. Kaskazi na kusi zimesukuma majahazi yetu karne nyingi, ila baina ya pepo hizo huja utulivu ambao kila nahodha anaujua. Jua nalo tunalo, lakini hufifia wakati wa masika, na hutuchwa saa 12 jioni, saa ile ile ambapo taa zinawashwa Mji mzima na Forodhani inaanza kuchangamka. Anayetuahidi kwamba paneli pekee, bila ya betri za gharama kubwa, zitawasha mahoteli usiku, hatuambii yote.

Pampu ya maji, lakini, haina haja ya kufanya kazi usiku. Ikivuta maji mchana kwa nguvu ya jua na kuyajaza katika tangi lililoinuliwa juu, maji hayo yatashuka yenyewe usiku kucha. Tangi ni akiba ambayo kila fundi wa Unguja anaijua kuitengeneza. Ndiyo maana sisi tunaona kuwa jua lipelekwe kwanza visimani, na pamoja nayo vituo vya afya, kabla ya kufikiriwa mitambo mikubwa. Paneli za kisima kimoja hazihitaji shamba zima la mikarafuu. Wala hazitagusa mapaa ya Mji Mkongwe, ambao tangu 2000 ni Urithi wa Dunia. Ikifika zamu ya mitambo mikubwa, ardhi ya mawe ya kusini na mashariki itatazamwa; nayo si tupu kama inavyoonekana katika ramani, kwani kuna watu wanaochunga na kukata kuni huko, na inafaa waulizwe mapema.

Kazi hii haiwezi kufanywa na Shirika la Umeme peke yake, wala na Mamlaka ya Maji peke yake. Tunaziomba taasisi hizi mbili zikae meza moja na kutoa hadharani orodha ya visima vikuu vya Unguja: vipi vimekwisha kupata umeme wa jua, vipi bado, na kila kimoja kitafikiwa lini. Orodha hiyo iwafikie wananchi kabla ya bajeti ijayo kusomwa katika Baraza la Wawakilishi.