Dhihaka zawafukuza watoto albino shuleni



Natoa maoni yangu juu ya jambo ambalo baadhi ya walimu wenzangu huliita utoto tu na kulipita.

Wakati wa likizo nilibahatika kuitazama, mjini Morogoro, filamu iitwayo “In the Shadow of the Sun”, yaani Katika Kivuli cha Jua, ya Mwingereza Harry Freeland, iliyotolewa mwaka 2012. Si mchezo wa kuigiza, ni maisha yenyewe ya ndugu zetu wenye ualbino. Wengi walioiona humzungumzia Ndugu Josephat Torner, ambaye mwenyewe ana ualbino, anavyozunguka vijijini kuzungumza ana kwa ana na wananchi katika miaka ile ya mauaji ya kikatili. Mimi kilichonigusa zaidi ni kijana wa kisiwa cha Ukerewe. Yeye aliacha shule kwa sababu ya kuonewa, na bado alikuwa akitamani kusoma.

Wauaji wamesakwa, na wengine mahakama zimewahukumu. Lakini ni polisi gani atakayemkamata mtoto wa darasa la tatu anayemwita mwenzake “dili”? Jina hilo si utani. Maana yake ni kwamba viungo vya mwenzake vinauzika. Mtoto hakulitunga mwenyewe, amelisikia kwa wakubwa kilabuni na sokoni, akalileta darasani.

Hapa kwetu milima ya Uluguru watu husema mambo hayo ni ya Kanda ya Ziwa. Sikubaliani nao. Mauaji kweli yalitawala zaidi huko, lakini dhihaka haina mkoa.

Tena dhihaka nyingi huanzia ubaoni. Mtoto mwenye ualbino kwa kawaida ana uoni hafifu, na macho yake huumizwa na mwanga mkali. Akiketi nyuma katika darasa la watoto zaidi ya 80 haoni kitu. Akiitwa kusoma hunyamaza, wenzake wakacheka, na mwalimu asiyejua humwita mzito. Kumbe kinachotakiwa ni kumkalisha mbele, mbali na dirisha lenye mwanga, na kumruhusu asogee ubaoni anapotaka. Hilo halihitaji bajeti. Hata hivyo katika miaka yangu yote ya chuo cha ualimu sikufundishwa neno hata moja kuhusu jambo hilo.

Kuna suala la kofia pia. Zipo shule ambazo mtoto huvuliwa kofia paredi kwa kuwa si sehemu ya sare. Huku milimani wengine hudhani ukungu ni kinga. Si kweli. Miale inayounguza ngozi hupenya mawingu, na kadiri unavyopanda juu ndivyo inavyozidi kuwa kali. Kumvua mtoto huyu kofia ni kumtafutia saratani ya ngozi, na papo hapo ni kuwaonyesha wenzake mtu wa kuchekwa.

Wapo wanaoshauri watoto hawa wote wapelekwe vituo maalumu kama Buhangija, Shinyanga. Vituo hivyo viliokoa maisha wakati wa hatari, na hilo nalikubali. Lakini mtoto akitengwa na wazazi wake miaka na miaka, hao waliobaki kijijini watajifunza lini kuishi naye?

Baraza la Mitihani huandaa karatasi za maandishi makubwa kwa watahiniwa wenye uoni hafifu. Ni jambo jema sana, ila aliyekimbia shule darasa la tatu hazifikii. Na asiseme mtu kwamba hawawezi elimu: Dakta Abdallah Possi, aliyeteuliwa Naibu Waziri mwaka 2015, ana ualbino na ni msomi wa sheria.

Naiomba Wizara ya Elimu ipate kibali cha kuionyesha filamu hii katika vyuo vyote vya ualimu na vituo vya walimu, ikiwa na maelezo ya Kiswahili. Walimu wakuu nao waruhusu kofia na mikono mirefu kuanzia muhula ujao, bila kungoja waraka.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Matombo, Morogoro.