Kiki Ibaki Mbeya, Bili Iende Iringa? Stori ya Ekzosi Nyekundu

Kuna klipu ilizunguka sana kwenye magrupu ya WhatsApp ya vijana wa Mbeya. Ni usiku, maeneo ya Kabwe, Subaru ya bluu imepaki huku injini inanguruma. Anayerekodi anainamisha simu chini ya gari, na hapo ndipo watu walipochizika: bomba la moshi limekuwa jekundu kama kaa la mahindi ya kuchoma. "Oyaaa, ndinga inawaka hiyo!" Mwenye gari, kijana anayejulikana mjini kwa kuvimba na mikoko, aliipandisha mwenyewe TikTok na maneno mawili tu: "Green City." Laiki zikamwagika.

Sasa ukweli ambao hakuna aliyeuandika chini ya klipu ile ni kwamba ekzosi nyekundu siyo sifa. Ile gari ilikuwa inaungua, na mwenyewe anachekelea.

Iko hivi. Ndani ya ekzosi za gari nyingi za petroli zinazotoka Japani kuna kitu mafundi wanaita masega. Ni kauri yenye vitundu vidogo vingi kama sega la nyuki, imepakwa madini ghali ya platinamu, paladiamu na rodiamu. Kazi yake ni kuchukua moshi wenye sumu na kuumalizia kuchoma kabla haujatoka nje. Ikiwa kazini masega huwa na joto, mara nyingi kati ya nyuzi 400 na 800 za Selsiasi, na hilo ni kawaida. Balaa linaanza injini inapopeleka huko petroli ambayo haijaungua. Ile petroli inawaka ndani ya masega yenyewe, joto linapita nyuzi 1,000, bomba linakuwa jekundu, na likizidi zaidi kauri inayeyuka na kuziba njia. Moshi ukikosa pa kutokea, gari haivuti.

Kwa hiyo masega yakiiva namna ile, usikimbilie kuyalaumu. Yanapokea tu kinachotoka mbele yao. Swali la kujiuliza ni nani anayewapelekea petroli mbichi.

Kwa huyu kijana wa Mbeya jibu liko wazi kwa sababu kila hatua aliyopiga aliiposti. Kwanza alikata ekzosi orijino ili apate mlio. Subaru nyingi za turbo zina masega zaidi ya sehemu moja. Ya mbele yakatolewa, ya nyuma yakabaki. Bomba jipya likachomelewa gereji ya mtaani, na kiungo kimoja kikabaki kinavuja. Watu hudhani uvujaji wa ekzosi ni kelele tu. Kumbe pale moshi unapotoka kwa kupumua-pumua, tundu linavuta pia hewa ya nje. Sensa ya oksijeni ikiinusa ile hewa inaamini injini imekosa petroli, na kompyuta ya gari inaongeza petroli ambayo haikuhitajika. Masega yanapata petroli na hewa kwa pamoja. Hapo umeshawasha jiko.

Hakuishia hapo. Taa ya injini ilipowaka kwenye dashibodi, sensa ikachomolewa. Hiyo sensa ya mbele ndiyo jicho la kompyuta. Ukiitoa, kompyuta inaendesha kwa kukariri, na kwa kawaida inamwaga petroli ya ziada. Mwisho akawekewa programu ya kufanya ekzosi ipige risasi kila akiachia mafuta. Zile risasi ni petroli inayowakia kwenye bomba badala ya kwenye injini. Yaani alilipa hela ili masega yake yapikwe.

Wiki chache baadaye gari ikaanza kugoma Mlima Iwambi. Mtu mwenye Vitz anampita, yeye na turbo yake anabaki kunguruma. Fundi akamwambia kile ambacho mafundi wengi huwaambia vijana: "Toa tu yote kaka, yanabana pumzi hayo." Masega ya nyuma yakatolewa yakauzwa, maana wanunuzi wapo na yale madini yana hela. Chanzo hakikuguswa. Kiungo kinachovuja kikabaki, sensa ikabaki imechomolewa, plagi zikabaki zilezile. Kisha injini ikaoshwa, picha zikapigwa za kishkaji, na gari ikatangazwa inauzwa: "Iko vizuri, ni wewe tu na mafuta yako."

Aliyeinunua ni dada mmoja wa Kihesa, Iringa, mpambanaji anayepeleka vifaa vya sherehe hadi Mafinga. Alilipa hela yake halali. Mwezi wa kwanza aliona tanki linaisha kama limetobolewa. Mwezi wa pili kichwa kilianza kumuuma kila safari ndefu. Ilikuwa msimu wa baridi, na Iringa mwezi wa saba hakuna anayeendesha vioo wazi. Moshi ulikuwa unapenya ndani kupitia kile kiungo kilichochomelewa vibaya chini ya miguu yake. Kwenye moshi huo kuna monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo masega mazima huwa yanaipunguza sana. Inakulewesha taratibu, inakulaza, na inaweza kukuua usijue kilichokupata. Fundi wa Ipogolo alipoingia chini ya gari na tochi, alitoka na sentensi moja: "Dada, wewe uliuziwa mlio."

Hapa ndipo penye hoja. Hakuna mwenye ugomvi na vijana kupenda gari. Iringa inajua mambo ya rally, na watu wanajipanga pembeni ya vumbi kuangalia. Lakini gari ya mashindano ina kizima moto, ina dereva aliyevaa helmeti, na kila mtu anajua ni ya mashindano. Kinachoumiza ni hii nusu-nusu: gari ya kumpeleka bibi hospitali imefanyiwa utundu wa mashindano kwa bei ya mtaani, halafu anauziwa mtu asiyejua.

Utetezi huwa ni uleule. Kwanza, "Bongo nani anapima moshi?" Kanuni za viwango vya ubora wa hewa zipo tangu 2007, na ni kweli mwenye gari binafsi ni nadra kusimamishwa apimiwe moshi. Lakini mapafu ya mtoto aliyebebwa mgongoni pale Mwanjelwa, nyuma ya ekzosi yako, hayasubiri trafiki.

Pili, "Masega yanaiba nguvu." Masega yaliyoziba, ndiyo. Masega mazima yanapunguza kidogo mno kwenye gari ya kawaida, kiasi ambacho wengi hawawezi kukihisi. Wanachokihisi ni kelele, wanaiita nguvu.

Tatu, "Mafuta yetu yanayaua tu." Hii ilikuwa na ukweli enzi za petroli yenye risasi, yaani ile ledi, maana inayaua masega kabisa. Petroli hiyo iliondolewa Tanzania na kwa majirani zake Kusini mwa Sahara mwanzoni mwa 2006. Dogo aliyezaliwa mwaka ule leo ana leseni, na kisingizio bado kinatembea.

Na kuna moto. Kuanzia Juni hadi Oktoba nyasi za Nyanda za Juu Kusini zinakauka kabisa. Barabara ya Mbeya kwenda Iringa inapita Mufindi, kwenye msitu wa Sao Hill, msitu wa kupandwa mkubwa kuliko yote nchini. Hata gari nzima haifai kupakiwa juu ya nyasi kavu ikitoka safari. Sasa fikiria iliyo na bomba jekundu, dereva ameshuka kuchimba dawa.

Kwa anayejali gari yake, dalili hazijifichi. Taa ya injini ikikonyeza badala ya kuwaka tu, kwa gari nyingi maana yake injini inamisi kiasi cha kuyaunguza masega: punguza mwendo, kagua plagi na koili. Ukiona wekundu chini, zima injini na uiache ipoe, kamera baadaye. Na kabla ya kununua, inama. Tafuta alama mpya za kuchomelea, gonga bomba kidogo usikie kama kuna kokoto zinacheza ndani, na muulize muuzaji bila aibu: "Masega yapo?" Akianza kucheka, rudi na hela yako.

Ile klipu bado ipo na bado inapata laiki. Kijana wa Mbeya ana ndinga nyingine sasa, na ameshaanza kuikata. Subaru ya bluu iko Ipogolo juu ya mawe, inasubiri ekzosi, sensa na hela ambayo dada wa Kihesa bado anaitafuta kwenye sherehe za watu wengine. Kati ya wale waliopiga laiki, kuna hata mmoja angekubali kumchangia?