Kufuli ya Paris na ufunguo wa wazee

Katika mkutano mmoja wa jamaa yetu, hapa Lubumbashi, mzee mmoja ninayemheshimu sana alinisimamisha mbele ya watu wote na kuniuliza: "Mwalimu, mutu mukubwa sawa weye, anaenda kutembeza bibi yake mu Bulaya sawa vile vijana? Ile ni desturi ya wapi?" Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, kwa sababu mtoto hajibizani na mkubwa mbele ya watu. Lakini nilirudi nyumbani na lile neno moyoni. Leo ninaomba ruhusa nilijibu kwa maandishi. Kitabu hiki ni cha desturi, na swali la mzee ni swali la desturi.

Kwanza niseme mambo namna yalivyokuwa. Mwezi wa nne mwaka 2025, mimi na bibi yangu tulikwenda Ubelgiji juu ya ndoa ya mdogo wake anayeishi Bruxelles. Yeye ndiye alilipa tiketi za ndege. Mshahara wa mwalimu wa segondari tunaujua sote, haufikishi mtu Bulaya. Kiisha ndoa, yule shemeji akatupa zawadi nyingine: siku tatu Paris, sisi wawili tu. Tulipanda basi asubuhi, safari ya kilometa 300 hivi, na mchana tulikuwa tumefika.

Wazungu wanasema Paris ni mji wa mapenzi, na kwamba wakati wake mzuri ni ule wa majira ya kuchipuka, kuanzia mwezi wa tatu mpaka wa sita. Siwezi kukana kwamba mji ni mzuri. Kwetu mwezi wa nne mvua inakwisha na baridi inakaribia. Kwao ndipo miti inatoka katika usingizi. Kandokando ya mto Seine majani yalikuwa mapya, na saa mbili ya usiku jua lilikuwa bado halijazama. Lakini kulikuwa pia baridi na mvua. Mnara wa Eiffel, uliojengwa kwa maonyesho ya mwaka 1889 na uliopashwa kubomolewa kiisha miaka 20, tuliutazama toka chini, juu ya watu wengi waliokuwa wanangoja zamu. Siku ya pili tulikwenda Château Rouge, fasi Waafrika wanapouzia vyakula vyao, kutafuta sombe na samaki mkavu. Mama mmoja wa kwetu aliyekuwa akiuza pale alipojua sababu ya safari yetu alicheka sana: "Siye tuko hapa miaka makumi mawili, na bwana yangu hayanipeleka ku ule mnara hata siku moja!" Basi, ndugu msomaji, mji wa mapenzi ni wa wageni zaidi kuliko wenyeji. Wenyeji wanakimbilia metro waende kazini.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Kuna daraja moja la watu wa miguu linaloitwa Pont des Arts, kati ya Louvre na jumba la Institut de France. Tangu karibu mwaka 2008 wapendanao toka inchi zote walizoea kwenda pale na kufuli. Wanaandika majina yao mawili, wanaifunga kwenye vyuma vya daraja, kiisha wanatupa ufunguo mtoni. Maana yake: mapenzi yetu yamefungwa, hakuna mtu atakayeyafungua. Kufuli zikawa nyingi hata mwezi wa sita 2014 kipande cha ukingo wa daraja kikaanguka. Mwaka uliofuata, mwezi wa sita 2015, wakuu wa mji waliziondoa, uzito wake karibu tani 45, na wakaweka vioo fasi ya vile vyuma. Mwaka 2017 waliuza sehemu ya kufuli hizo kwa mnada, na pesa, karibu euro 250 000, zikapewa mashirika yanayosaidia wakimbizi. Hivi kufuli zile zilimsaidia mtu siku zilipong'olewa. Kabla ya hapo zilikuwa mzigo tu.

Pamoja na hayo, desturi haijaisha. Tulikuta kufuli kwenye daraja jingine, lile lililopewa jina la Léopold Sédar Senghor mwaka 2006. Muuzaji mmoja alitutolea kufuli moja nyekundu kwa euro 10. Bibi yangu aliishika, akaigeuza, akairudisha. Alisema: "Na kama kuna shida, nani atafungua?"

Neno hilo ndilo limenifanya niandike. Katika inchi ile ile ya kufuli, tangu tarehe 1 Januari 2017, bwana na bibi waliopatana kuachana wanaweza kuachana bila kwenda mbele ya mwamuzi: kila mmoja na wakili wake, karatasi inawekwa kwa notari, basi. Siwacheki Wafaransa, ni sheria yao. Ninasema tu kwamba ufunguo uliotupwa mtoni haukuzuia kitu. Waliahidiana wawili peke yao juu ya daraja, wanaachana wawili peke yao mezani, na katikati hapakuwa mtu wa kuwauliza: Watoto wetu, kuna nini?

Kwetu ndoa haifungwi namna ile. Mbele ya yote kuna mjumbe, yule Wabemba wanayemwita shibukombe, anayekwenda na kurudi kati ya jamaa mbili. Kuna mali inayotolewa, na hata sheria ya inchi, Kodi ya Jamaa ya mwaka 1987, inaitambua. Kuna mashangazi wanaomfunda binti. Siku nyumba inapowaka moto, bibi anajua mlango wa kugonga, na bwana pia. Na yule anayefika mbele ya mahakama kuomba talaka, sheria yetu inataka kwanza wajaribu kuwapatanisha. Ufunguo wetu haukutupwa mtoni. Uko mikononi mwa wazee. Hapo ninasimama pamoja na mzee wangu, bega kwa bega.

Ndiyo maana ninawaambia vijana wetu ukweli, hata wakinuna. Mchumba wa binti mmoja wa jamaa yangu alikuja kwangu na hesabu zake: anataka kukopa dolari 4 000 ili waende Paris kiisha ndoa, kwa kuwa rafiki za binti walikwenda na kuleta foto. Mali ya kwao binti ilikuwa bado haijaisha! Nilimuuliza: Kijana, visa peke yake ni euro 90 kwa kila mtu tangu mwezi wa sita 2024, na ukikataliwa hazirudi. Utarudi na foto ishirini na deni la miaka miwili. Je, bibi yako atakula foto? Mapenzi yanayohitaji mnara wa Eiffel nyuma yake ili yaonekane, hayo ni mapenzi ya kuonyesha majirani. Kiisha kuonyesha, mtabakia na nini?

Mpaka hapa ninajua wazee wananipigia makofi. Lakini ninawaomba wasiondoke, maana sasa ni zamu yao.

Siku ya tatu mvua ilikatika, tukaketi kwenye benchi kando ya mto. Hakuna mtu aliyetuita. Simu ilikuwa kimya. Bibi yangu aliangalia maji muda mrefu, kiisha akasema: "Baba ya batoto, tangu tulioana hatuyaikala hivi siye wawili." Nikahesabu: miaka 19. Kiisha akaniambia jambo alilolibeba tangu mwaka 2011. Mwaka ule alikuwa ameweka dolari 400, faida ya vitenge alivyouza sokoni, apate kununua mashine ya kushona. Kaka yangu alipofiwa na mkwewe alikuja nyumbani, na mimi nikampa zile pesa zote juu ya kilio, bila kumuuliza mwenyewe. Mashine haikununuliwa hata leo.

Nilimwambia sikujua kwamba ilimuuma hivyo. Akajibu: "Ulijua. Ni fasi ya kusema njo haikukuwa." Na ni kweli. Ningemwona lini peke yake? Katika nyumba yetu ya vyumba viwili na sebule walipita wadogo zangu watatu waliokuja kusoma, mama yangu mgonjwa kwa miaka minne, watoto wa dada, wageni wa kilio, wageni wa ndoa. Usiku tunazungumza kwa kunong'ona, na jambo zito halinong'onwi. Na yeye angempelekea nani shitaka lake? Shangazi aliyemfunda alikuwa amekwisha kufa. Wazee wa upande wangu ndio hao waliokula zile pesa katika kilio kile.

Mzee wangu, nisikilize bila hasira. Unasema ufunguo wa ndoa uko kwenu, na ni kweli. Lakini ufunguo ule mmeuchonga mara kumi, mara ishirini! Kila shemeji ana wake, kila binamu ana wake. Anaingia saa yoyote, anafungua hata sanduku la akiba ya bibi, na tunasema: ni desturi. Hapana. Desturi iliwapa ninyi ufunguo wa kuzima moto. Haikuwapa wa kuingilia kila siku. Mlioana zamani katika vijiji fasi bwana na bibi walikuwa na nyumba yao ndani ya uwanja wa jamaa, na walikwenda shamba wawili kutwa nzima, jembe kwa jembe, wakizungumza. Njia ile ya shamba ilikuwa safari yao. Sisi tulikuja mjini, tukaleta uwanja mzima ndani ya sebule, na njia ya shamba tukaiacha kule kule.

Mtu ataniambia: Mwalimu, basi sema tu kwamba unataka uzungu. Sitaki. Aliyekwenda Paris akarudi na kufuli, amerudi na uzungu. Sisi tulirudi na mazungumzo, na mazungumzo ya bwana na bibi si mali ya Wazungu. Au tuseme kwamba babu zetu walioana bila kusemezana?

Mwingine atasema: mbona ilikubidi kwenda mbali vile? Swali hilo ni la haki, na linaniuma. Kwa kweli Paris haikutufanyia kitu. Kilichotusaidia ni siku tatu bila mtu wa kutuita. Siku hizo tungeweza kuzipata hapa kwetu. Mwezi wa tisa, mbele ya mvua, pori letu la Katanga linatoa majani mapya mekundu sawa shaba. Hiyo ndiyo majira yetu ya kuchipuka, na hakuna anayetuomba visa kuitazama. Maporomoko ya Kiubo kwenye mto Lufira yako katika jimbo letu wenyewe. Na asiye na nauli ya Kiubo ana shangazi upande mwingine wa mji anayeweza kumwazima chumba. Lakini ningethubutu kusema, "Mimi na bibi yangu tunatoka, hatutaki mgeni siku tatu"? Siku ile ile jamaa wangesema bibi amenilisha dawa. Ilibidi tuvuke bahari ili tupate sababu ambayo watu wanaiheshimu. Aibu hiyo si ya Paris.

Pale Paris tuliingia pia katika kanisa la Notre-Dame, lililoungua tarehe 15 Aprili 2019 na kufunguliwa tena mwezi wa 12 mwaka 2024. Kwa miaka mitano mafundi waliingia mle kila siku na kazi yao, na watu wote wengine walibakia nje mpaka kazi iishe. Nilipotazama juu nilifikiri habari za nyumba yangu.

Kwa hiyo ninatoa ombi kwa shirika letu la desturi, na ninalitoa mbele ya wasomaji wote. Siku ile jamaa mbili zinapokutana kumaliza mambo ya mali, wazee waongeze neno moja kati ya maagano: kila mwaka, siku tatu, bwana na bibi watakaa peke yao, na jamaa yenyewe itawachunga watoto na kupokea wageni. Mashangazi walifundishe, mjumbe alisimamie. Likitoka kinywani mwa wazee, hakuna atakayesema ni dawa wala uzungu. Na vijana hawatakopa tena dolari 4 000 kwenda kununua mbali ruhusa ambayo wazee wangewapa bure.

Mimi na bibi yangu tumeanza kuweka akiba ya mashine ya kushona. Mpaka leo tumefikisha dolari 130. Sanduku lina kufuli ndogo ya hapa hapa sokoni, na ufunguo wake anao yeye. Kaka yangu alikuja mwezi uliopita juu ya kilio kingine. Nilimwambia: "Kaka, ngoja nimuulize mwenyewe." Alinitazama sawa mtu aliyepotea. Tulimuuliza, na yeye bibi yangu akatoa dolari 20 kwa mkono wake mwenyewe, na kaka akamshukuru yeye, kwa jina lake. Katika miaka 19 ilikuwa mara ya kwanza.

Mzee wangu, hilo ndilo jibu langu.