TAHARIRI: Ufundi si kimbilio la walioshindwa



Kila mwaka matokeo ya kidato cha nne yatangazwapo, nyumba nyingi za Same na za milimani Upare hugawanyika mafungu mawili. Huku ni furaha. Kule ni kimya, kana kwamba pana msiba. Kijana ambaye alama zake hazikutosha kuingia kidato cha tano huambiwa: "Basi, nenda ukajifunze hata ufundi." Neno hilo "hata" ndilo tunalotaka kulizungumza mwezi huu.

Wapare hawakuwa watu wa kudharau ufundi. Kabla ya ukoloni, ukoo wa Washana wa Ugweno ulisifika kwa kuyeyusha na kufua chuma, na Wachaga walikuwa miongoni mwa wanunuzi wake. Upare Kusini wazee wetu walichimba ndiva za kuhifadhia maji ya mashamba, wakazitunza kwa msaragambo. Nasi Waislamu twasoma katika Suratu Saba kuwa Mwenyezi Mungu alimlainishia Nabii Daudi (a.s.) chuma, akaamrishwa afue deraya. Ikiwa Mtume aliyekuwa pia mfalme hakuona haya kula jasho la mikono yake, vipi sisi tuifanye kazi hiyo kuwa adhabu ya aliyefeli?

Milango ipo. VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina chuo mjini Moshi, na mafunzo yake hupanda kwa ngazi tatu: umeme, uashi, bomba, uchomeleaji, magari, ushonaji na mengineyo. Ziko fani zinazompokea hata aliyeishia darasa la saba. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyoanzishwa miaka ya 1970, hufundisha stadi na huwapokea pia wasichana waliokatiza masomo. Sera ya elimu, toleo la 2023, nayo imeleta mkondo wa amali katika sekondari. Ama yule aliyejifunza kazi gereji, chini ya mwarobaini, kwa miaka kumi, hakusahauliwa: VETA humpima ujuzi alionao, na akifaulu humpa cheti.

Mlango huu wa mwisho ndio usiojulikana sana, nao ndio wenye uzito kwetu. Machi 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mradi wa maji wa Same, Mwanga na Korogwe, unaochota maji katika bwawa la Nyumba ya Mungu. Mabomba hayo yatahitaji mafundi kwa miaka mingi. Jasi ya Makanya na tangawizi ya Mamba Myamba nazo zahitaji mikono inayojua mashine. Lakini kazi ya mkataba ikitokea, aghalabu huulizwa cheti kwanza. Kijana wetu mwenye ujuzi asiye na karatasi hubaki kibarua katika ardhi ya babu zake, akimbebea vifaa fundi aliyetoka mbali.

Lawama tuanze nazo sisi walimu wa madrasa. Mwanafunzi wetu akienda kusoma ng'ambo, twamtaja mimbarini. Lakini bomba la udhu likipasuka, twamwita fundi usiku, na akimaliza twamlipa "ahsante, Allah atakulipa," ilhali ana watoto wanaosubiri unga. Je, kijana anayetazama hayo atautamani ufundi?

Hivyo twatoa wito wa mambo matatu. Wazazi, mwulizeni mtoto anapenda kazi gani kabla ya matokeo, si baada yake. Mafundi mnaoswali nasi, mchukueni kijana mmoja mmoja mumfundishe, na ninyi wenyewe mkaombe kupimwa. Kamati za misikiti, mlipeni fundi ujira wake kamili na kwa wakati, kisha mchangie ada ya kijana mmoja kila mwaka. Wazee wetu walichimba ndiva kwa msaragambo; kumsomesha fundi mmoja hakutatushinda.

Wabillahi tawfiq.