Mafuta ya taa yaponza injini za kisasa za dizeli

DIZELI inayoshushwa katika bandari ya Mombasa leo ni safi kuliko ile ya miaka ishirini iliyopita. Mnamo Januari 2015, mataifa ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yalianza kutumia kanuni kwamba salfa iliyomo isizidi sehemu 50 kwa milioni. Hapo awali, Kenya iliruhusu 500.

Hata hivyo, injini hailishwi bandarini. Baina ya bandari na kituo cha mafuta kuna matangi, malori na watu wenye uchu wa faida, na hila yao kuu ni kongwe: kuchanganya dizeli na mafuta ya taa.

Injini za zamani ziliivumilia hila hiyo. Gari lilipungukiwa na nguvu kidogo, safari ikaendelea. Injini ya kisasa haina subira hiyo. Hupuliza dizeli kwa shinikizo linaloweza kuzidi bar 2,000, na nafasi kati ya vipuri vya pampu na nozeli zake ni nyembamba kuliko unywele. Dizeli yenyewe ndiyo inayovilainisha. Mafuta ya taa ni mepesi mno kwa kazi hiyo. Chuma husagana na chuma, na unga wake huenea katika mfumo mzima. Ndipo mwenye gari huambiwa na makanika kwamba kubadilisha nozeli moja hakutoshi.

Mnamo 2018, serikali ilitoza mafuta ya taa ushuru wa Sh18 kwa lita ili kuondoa kishawishi cha bei. Mauzo yalishuka sana, lakini mzigo ulimwangukia pia mama anayepikia stovu, ambaye hajawahi kumiliki gari.

Kishawishi chenyewe hakikuisha. Katika bei zilizotangazwa Julai 2025, lita ya mafuta ya taa jijini Nairobi ilikuwa nafuu kuliko ya dizeli kwa takriban Sh15. Lori la lita 30,000 likichanganywa humo lita 6,000 za mafuta ya taa, mdanganyifu hujipatia Sh90,000 kwa safari moja.

Wakaguzi hutumia kemikali maalumu kutambua mchanganyiko huo vituoni. Lakini uharibifu hujitokeza polepole, na mwenye matatu aliyejaza tangi katika vituo vitatu wiki hiyo hana risiti inayoweza kuonyesha ni kipi kilichomponza.